Darasa la pumzi la Jambiani: mwalimu mzuri, mito mibaya

Nianze na bei, maana ndiyo wanayoniuliza wateja wangu kabla hata hawajaniuliza kama nimepata nafuu. Mgeni analipa dola 15 kwa saa moja na robo. Mkaazi analipa shilingi 15,000, lakini hiyo bei ya mkaazi haikuandikwa popote. Ubaoni pale mlangoni zimeandikwa dola tu, kwa chaki, na ukinyamaza na wewe utatozwa dola. Uliza. Ukiuliza hawakatai wala hawanuni.

Mimi fundi cherehani, niko Kikwajuni, mjini Unguja, nashona sare za skuli na madera, na presha ninayo. Sikwenda kule kutafuta dini wala kujifunza kujipinda. Usingizi ulikuwa umenihama, khasa ile miezi ya kufungua skuli ambapo kila mzazi anataka sare yake jana. Daktari kaniambia nipunguze chumvi, nitembee, na nijifunze kutulia. Chumvi nimepunguza. Kutembea natembea. Kutulia ndiko nilikokuwa sijui kunapatikana wapi, mpaka binti yangu, anayesomea uuguzi SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, akaniambia kuna watu Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki, wanafundisha pumzi.

Nyumba yenyewe iko upande wa kuelekea Paje. Ukumbi uko juu, umeezekwa makuti, wazi pande zote, na unaiona bahari mpaka kule mawimbi yanakovunjika kwenye mwamba. Maji yakitoka unawaona kina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi vyao. Daladala ya 309 inakupitisha Jozani, inakushusha barabarani, kisha unajipenyeza vichochoroni kwa miguu. Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina mabaya ya kusema pamoja na mazuri, na ugomvi siutaki.

Wanachofundisha si ile yoga ya kwenye picha, ya mguu shingoni. Ni pumzi, wenyewe wanaita pranayama, elimu ya Kihindi ya kale sana. Unakaa, mgongo umenyooka, kidevu hakikuinuka, ukishindwa kukaa chini unapewa kiti na hakuna anayekutazama kwa jicho la ajabu. Mwanzo hufanyi kitu, unaisikiliza pumzi yako tu inavyoingia na kutoka. Hapo peke yake mimi niligundua kwamba navuta pumzi za juu juu, kifuani, za mtu anayesubiri kugombezwa.

Kisha linakuja zoezi la pua mbili, na hili ndilo lililonifaa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza. Mkono wa kulia unakikunja kidole cha shahada na cha kati. Gumba linaziba tundu la kulia, kidole cha pete kinaziba la kushoto. Unaziba kulia, unavuta kwa kushoto ukihesabu moja mpaka nne. Unaziba kushoto, unafungua kulia, unatoa kwa hesabu ya sita, na ukizoea mpaka nane. Halafu unavuta kwa huko huko kulia, unatoa kwa kushoto. Hiyo duru moja. Usibane pua kama unayemkamua mtoto mafua, unagusa tu. Na ukiwa na mafua ya kweli, siku hiyo acha.

Siri iko kwenye kutoa. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Binti yangu alinifahamisha kwa lugha ya skuli yao: ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza, na anayeushika breki ni neva moja ndefu iitwayo vagasi, inatoka kwenye ubongo inashuka kifuani mpaka tumboni. Basi ukirefusha kutoa, unarefusha kile kipindi cha breki. Nilijishika kifundo cha mkono nikaona mwenyewe mapigo yanavyoachana pumzi inapotoka. Hapo ndipo nilipoacha kuwaona ni wauza maneno.

La tatu ni la nyuki. Unaziba masikio kwa magumba, unafunga macho, unafunga na mdomo, unatoa pumzi kwa mvumo wa mmmm mpaka iishe. Kichwa kizima kinatetemeka. Mara ya kwanza nilicheka, na mwenzangu wa pembeni akacheka, na darasa likaharibika kidogo. Lakini pua inafunguka kweli. Mimi nafanya kazi kwenye vumbi la vitambaa siku nzima, najua pua iliyoziba inavyokuwa. Watafiti wa Sweden walipima jambo hili mwaka 2002 wakakuta mtu akivuma, ile gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani inaongezeka mara 15 kuliko akitoa pumzi kimya, kwa sababu mvumo unaipeperusha hewa ya kwenye vile vishimo vya ndani ya mifupa ya uso. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu. Sisemi inatibu mafua. Nasema sikulipa pesa kwa kuvuma bure.

Sasa mantra, yaani lile neno la kurudiarudia pamoja na pumzi. Najua wengi mnaosoma mlikuwa mnaingoja hapa.

Kuna madarasa mawili. La asubuhi ni la mchanganyiko, wanaume na wanawake, wageni wengi, linaongozwa na mwalimu wa Kihindi anayesema Kiingereza. La jioni, siku mbili kwa wiki, ni la wanawake watupu, na mwalimu wake ni binti wa Makunduchi, anasomesha kwa Kiswahili. Nimekwenda yote mawili. Asubuhi mwalimu alisema, "vuta na so, toa na ham, moyoni, bila ya sauti", basi. Niliposogea mwisho kumuuliza maana yake akaniambia ni sauti tu, nisijali. Jibu hilo sikulipenda, na kumbe si kweli.

Yule binti wa Makunduchi yeye alisema kabla hatujaanza. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, shikamoo yake mkononi, akasema: "Bi mkubwa, neno hili, soham, ni la Kisanskriti, la Kihindu. Maana yake ni mimi ndiye Yeye. Wenyewe wanakusudia kwamba nafsi ya mtu na huyo Mkubwa wanayemwamini ni kitu kimoja. Wewe kama hulitaki, hesabu tu, au fuata pumzi yako bila ya neno. Kazi ya pumzi haipungui." Nilimpenda hapo hapo. Mtu mzima akishaambiwa ukweli anachagua mwenyewe.

Mimi nikahesabu. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yangu, mtu wa Bwejuu, alisema yeye anasoma Ya Latif moyoni sambamba na pumzi, na inampendeza. Sikumbishia, lakini mwenyewe sikupenda. Uradi wangu una wakati wake baada ya sala, na majina ya Mwenyezi Mungu sitaki niyageuze kipima saa cha darasa la kulipia. Mwenye kutaka fatwa masheikh wapo, mimi hapa nahakiki darasa.

Ila kwa upande wa mwili, binti wa Makunduchi hakukosea. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wao kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Walichukua watu 23, wakawasomesha sala ya rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, kisha wakawasomesha mantra ya Kibuddha. Dini mbali, lugha mbali, lakini yote mawili yaliishusha pumzi mpaka kiasi cha sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa presha ukaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Mtu mzima aliyekaa kwa kawaida huvuta 12 mpaka 20. Maana yake moyo na mishipa vinafuata urefu wa neno. Hesabu ya nne na sita, ukiihesabu kwa sekunde, inakupa sita hizo hizo.

Na sisi watu wa visiwa hivi tushangae nini? Aliyekua karibu na zikri za tarika ya Kadiriya, au aliyewahi kutazama maulidi ya homu, wanaume wamepiga magoti safu moja, matari yanalia, wanainama na kuinuka kwa pamoja, hahitaji mtu wa kumwambia kwamba neno na pumzi vinafuatana. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa zikri, na ile pumzi yao ya kifuani tulikuwa tunaisikia watoto tukiwa tumeshalala. Lakini ile ni ya kupandisha. Hii ya Jambiani ni ya kushusha, na kwa mwenye presha tofauti hiyo si ndogo.

Ambapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Lile darasa la asubuhi, katikati, bila ya kuuliza nani ana presha, nani mja mzito, nani ana maradhi ya moyo, mwalimu aliwatia watu kwenye pumzi za haraka za tumbo, kutoa kwa nguvu paa paa paa, jina lake kapalabhati. Zoezi hilo waalimu wa yoga wenyewe wanalikataza kwa watu wa presha na waja wazito. Binti yangu alikuwa keshaniasa, kwa hiyo nilikaa nikatazama bahari. Je, asiyeaswa? Karatasi ya maswali mawili matatu mlangoni ingetosha. Jioni yule binti anauliza kila mmoja kwa sikio lake, na wenye presha anatwambia tusizuie pumzi ndani, tuvute na kutoa tu. Mwalimu mmoja anajua hili na mwingine hajui, nyumba moja!

Madogo madogo sasa. Wanachoma vijiti vya manukato vya paketi. Unguja hii, penye udi na ubani, mnachoma vijiti vinavyonuka sabuni, tena mbele ya watu mliowaambia wavute kwa nguvu? Mwenye pumu asithubutu safu ya mbele. Wakati wa kusi makuti yanapiga kelele na mwalimu husikii asemalo, kaa karibu naye. Darasa la jioni linaanza saa kumi na nusu, kwa hiyo alasiri unaisali kwanza, na linakwisha kabla ya magharibi, mapema ya kutosha kusali, pahala pa wanawake pamewekwa chini na maji ya udhu yapo. Ila wa mjini kurudi ni shughuli, daladala zinapungua giza likiingia. Mimi hulala kwa shoga yangu Paje. Asiye na shoga Paje ahesabu na nauli ya taksi, na hapo bei ya darasa inakuwa si 15,000 tena.

Nguo msiwe na wasiwasi. Jioni mimi nakaa na dera langu na mtandio, hakuna aliyenambia kitu. Asubuhi utaona mapaja ya watu.

Halafu mito. Kila mtu anapewa mto wa duara wa kukalia, na mto huo ndio roho ya darasa, kwa sababu nyonga zikiwa juu ya magoti mgongo unasimama wenyewe. Yao imejazwa sponji. Ukikaa dakika kumi imeshalala, uko sakafuni, na mshono wa pembeni, niliugeuza nikauona, umepigwa mstari mmoja na haukukunjwa, mingine imeshaanza kufumuka. Msufi umejaa kisiwa hiki. Mto wa usufi ulioshindiliwa vizuri unakaa na kukuinua miaka.

Mnaniuliza imenisaidia? Dawa yangu ya presha bado nakunywa kila asubuhi, na mtu asije akaacha yake kwa kusoma haya. Usiku ndio uliobadilika. Nikilala kitandani nafanya duru za pua mbili gizani, na mara nyingi sifiki mwisho wa hesabu. Na mchana nimepata silaha nisiyoitarajia. Wiki ya sikukuu alikuja mteja kunifokea dirishani kwamba dera lake halijatiwa ukanda, na mimi nikatoa pumzi kwa nane, polepole, huku namtazama. Akadhani nampuuza, akazidi kufoka. Lakini mkono wangu haukutetemeka, na ukanda nikautia pale pale, mstari umenyooka.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Darasa la jioni peke yake lingepata nne na nusu. Asubuhi mbili.

Kuna na rikodi wanayouza kwenye simu, shilingi 20,000, mtu anaimba ile mantra dakika arobaini kwa vinanda. Msinunue, mkishajua kuhesabu nne na sita hamna haja nayo. Na wenye darasa kama mnasoma hapa, mito nashona, usufi nauleta mwenyewe, na bei tutasikilizana. Ya mkaazi.