SpermCheck Fertility: kipimo cha nyumbani kinachotegemea protini moja

Kipimo hiki hakihesabu mbegu za kiume moja moja, bali hutafuta SP-10, protini inayotengenezwa korodanini wakati mbegu changa zikikomaa, na ambayo hubaki ndani ya akrosomu, kile kifuko kinachofunika sehemu ya mbele ya kichwa cha mbegu. Shahawa huachwa kwanza ziwe majimaji, kisha huchanganywa na dawa yake na kudondoshwa kwenye kishimo cha sampuli cha kifaa. Mstari wa pili ukijitokeza kwenye kidirisha cha majibu, idadi ya mbegu imefikia milioni 20 kwa mililita. Kwa anayeona haya kukabidhi kikombe maabara, faragha hiyo si jambo dogo. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kutosema lolote kuhusu mwendo wala umbo la mbegu, ambayo bado yanahitaji hadubini.