Sentinel-1: rada iliyonionyesha mafuriko ya Rufiji chini ya mawingu

Masika ya 2024, Rufiji na Kibiti zilipofurika, nilifungua picha za Sentinel-2, setilaiti ya kamera, nikakuta mawingu matupu. Kamera yake ni nzuri, lakini haioni kupitia wingu, na mafuriko ya kwetu huja na wingu. Nikahamia Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya.

Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita 5 na ushee. Mawingu hayayazuii, na usiku si tatizo. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande wa pili yasirudi, kwa hiyo penye maji panatokea peusi. Nilipanga picha ya Septemba 2023 na ya Aprili 2024 za bonde la chini la mto. Mto uliokuwa mwembamba, Aprili hata kingo zake huzijui. Ila hakikisha picha zote mbili zimepigwa kwenye njia ileile ya setilaiti, maana pembe ikibadilika utalinganisha visivyolingana. Chuja pia zile chenga, picha mbichi imejaa chenga kama televisheni ya zamani.

Panaponisumbua ni delta. Kwenye mikoko, mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi na nguvu. Mahali palipofurika panaweza kung'aa badala ya kuwa peusi. Ukihesabu weusi peke yake, utasema mafuriko ni madogo kuliko yalivyo. Mitaani kuta hufanya mchezo huohuo. Upepo nao ukichafua uso wa maji, weusi unafifia, hasa kwenye chaneli ya VV, yaani mawimbi yanayotumwa na kupokewa yakiwa wima.

Halafu kuna ratiba. Sentinel-1 zilikuwa setilaiti mbili, 1A na 1B. 1B iliharibika Desemba 2021, hivyo masika yale 1A ilikuwa peke yake, na kwenye njia moja hurudi kila baada ya siku 12. Ndani ya siku hizo maji yanaweza kupanda na kushuka bila picha hata moja. Sentinel-1C ilirushwa Desemba 2024, afadhali.

Bei? Bure kabisa, unajisajili tu Copernicus Browser, tovuti ya picha hizi. Usipakue picha nzima kama unategemea bando, moja hufika gigabaiti nzima. Itazame hukohuko, au uichakate Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha mtandaoni.

Naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na zile siku 12.