Daraja la Victoria Falls kwa miguu: nilivyolowa, nilivyobadilishana kikoi

Mimi nauza vikoi hapa Malindi, na daraja nililolizoea ni la Sabaki, lile mnalolipita mkienda Garsen na Lamu, maji chini yana rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo nilipofika Livingstone, Zambia, mwezi wa Aprili kumwangalia binti ami yangu aliyeolewa kule, akaniambia, "Dada, kesho nakupeleka darajani," nilimjibu kwani daraja nalo ni la kutembezwa mgeni?

Nimeyarudisha maneno yangu.

Mto ni Zambezi, na daraja liko karibu kabisa na maporomoko ya Victoria. Huku Livingstone, ng'ambo mji wa Victoria Falls wa Zimbabwe, na mpaka unapita katikati ya daraja. Kama hutaki kuingia Zimbabwe, unataka kutembea darajani tu na kurudi, wale wa mpakani wanakuandikia kikaratasi: watu wangapi, na muhuri. Hatukulipa kitu. Foleni ndiyo ilinichosha, maana tuliangukia nyuma ya madereva wa malori. Nendeni asubuhi.

Urefu ni mita 198, hata muhindi wa kuchoma hujaumaliza ushavuka. Kazi iko chini: mita 128 mpaka majini. Chukua minazi mitano mirefu uisimamishe mmoja juu ya mwenzake. Magari yanapita kwa zamu, reli iko papo hapo, nawe una kijia chako pembeni, na lori likipita unalisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Nilishika chuma kwa mikono miwili kama mtoto. Na kuna watu wanalipa wajirushe pale kwa kamba, mita 111! Binti ami akaniuliza kama nataka. Nikamwambia nina watoto.

Vyuma vyenyewe vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaja kwa meli hadi Beira, Msumbiji, kisha kwa treni, na daraja likafunguliwa 1905. Cecil Rhodes, yule tajiri mkoloni wa Kiingereza, ndiye aliyetaka lijengwe karibu hivyo na maporomoko, ili manyunyu yaanguke kwenye treni. Alikufa 1902, hata hakuliona. Manyunyu yake nimeyapata mimi. Aprili mto umejaa, kwa hiyo upande wa maporomoko sikuona maji, niliona weupe mtupu na mngurumo. Wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na hilo neno la kwanza Mswahili hahitaji mkalimani. Upande wa pili, korongo linaonekana vizuri, na upinde wa mvua ulikuwa chini yetu. Chini, si juu.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu hakuna aliyenionya kuhusu kikaratasi. Nilikishika mkononi, kikarowa, wino wa muhuri ukatambaa wote. Kurudi getini, afisa akakigeuza huku na huku, akakinyanyua juani, akaniangalia nilivyochuruzika kuanzia mtandio hadi kandambili. Binti ami akasema jambo kwa Kinyanja, yule bwana akacheka, tukapita. Tieni kwenye mfuko wa plastiki, na simu pia.

Nje, kijana wa bangili za shaba akanifuata. "Mama, bei nzuri." Nikamtajia nusu, akakataa, kisha macho yakatua kwenye kikoi nilichojifunga kiunoni. Hakutaka pesa tena, alitaka kikoi. Kumbe pale kubadilishana vitu ni kawaida. Tulivutana robo saa, yeye hajui mimi ndiyo kazi yangu. Nikatoka na bangili tatu kwa kikoi kimoja, tena kilicholowa.

Mbili nimeuza hapa Malindi. Ya tatu ninayo mkononi, na kwa jasho na chumvi ya huku inaniachia alama ya kijani kila jioni.