Raba za mtumba za Karume, kilomita 640 baadaye

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 75,000. Kijana anayeziuza pale soko la Karume, Dar es Salaam, alianzia 120,000. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, akacheka, akasema tangu afungue asubuhi ile hajahudumia mtu asiye mwalimu mstaafu. Tukakutana 75,000, na jozi ya soksi juu. Hiyo ilikuwa Jumamosi moja ya Mei. Leo kaunta buku langu linasema raba zile zimekwenda kilomita 640.

Nina miaka 61 na kilo 83. Nayataja yote mawili kwa sababu maoni mengi ya raba huandikwa na vijana wa kilo 60 wanaoruka kama swala, na ukimfuata kijana wa namna hiyo ukiwa na goti kama langu, utajuta. Mimi ni zao la mchakamchaka: shule ya msingi pekupeku, kisha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Ruvu, mwaka 1985 na mabuti. Baada ya hapo ikapita miaka zaidi ya 20 nikikimbilia daladala tu. Nilirudi barabarani nikiwa na miaka 52, presha ilipopanda. Tangu hapo nimemaliza marathoni nne, zote za Kilimanjaro kule Moshi, bora yangu saa 4 na dakika 51. Hapo neno la kushika ni "nimemaliza".

Kinachokula raba si siku ya mbio zenyewe, ni Jumapili za mazoezi. Natoka Magomeni saa 10:15 alfajiri: Jangwani, Fire, Bibi Titi, nashuka Posta hadi Kivukoni ambako harufu ya samaki wa Feri inanipokea, Ocean Road, napanda Daraja la Tanzanite, Coco Beach, Toure Drive mpaka mwisho wa Masaki, halafu Haile Selassie, Morocco, na Kawawa kurudi nyumbani. Ni kama kilomita 24. Nikitaka 30, nalivuka daraja kwenda na kurudi mara tatu zaidi, walinzi na wavuvi wa chini wakinitazama kama mtu aliyepoteza kitu. Kwa mwendo wangu ni karibu saa nne juu ya lami, na joto la Dar hata alfajiri linakukamua kama muwa. Ukivua raba, soksi inatoa maji. Kijana akikosea kiatu atachechemea siku mbili. Mimi nikikosea, kano ya kisigino inanidai wiki tatu.

Na nilishakosea. Mwaka jana nilinunua raba "mpya kabisa" kwenye duka moja la mjini, lina kiyoyozi na kioo kirefu, kwa 185,000. Boksi zuri, karatasi laini ndani, harufu ya upya. Sponji yake ilikuwa ngumu kama kandambili ya bafuni, na nembo ya ubavuni ikaanza kubanduka wiki ya nne. Kilomita 26 za kwanza nilizokimbia nazo zilinitoa kucha mbili za dole gumba. Niliporudi dukani, muuzaji aliniuliza kama nina uhakika najua kukimbia. Tuliachana hapo.

Ndipo jirani yangu mmoja wa klabu ya jogging akanipeleka Karume. Wanaoijua Karume wanajua kuwa kuelekeza kibanda ni kazi, na tangu soko liungue Januari 2022 watu wengi wamehama nafasi zao. Nitasema hivi: ukiingia kwa upande wa barabara ya Uhuru, pita nguo za watoto, pita mikoba, ukianza kuona raba zimening'inizwa kwa kamba kama samaki wa kukaushwa, uliza kijana wa raba za mbio. Wanaouza raba ni wengi. Wanaojua kuwa raba ya kuvalia jinzi na raba ya kukimbilia ni vitu viwili tofauti, niliowaona mimi hawazidi wawili.

Huyu alinishika kwa jambo moja. Baada ya shikamoo hakuniuliza navaa namba ngapi. Aliomba nivue kiatu nilichokuwa nacho, akakigeuza, akatazama soli. "Mzee wangu, unakanyaga kwa kisigino, upande wa nje, na wa kulia unaumia zaidi." Daktari wa mifupa aliniambia hayo hayo, ila yeye alitaka picha ya eksirei kwanza. Halafu akaniuliza nakimbia umbali gani. Nikasema 30 siku za Jumapili. Akanitazama ndevu, akarudia swali kwa heshima zaidi.

Nilikuwa nimeinyooshea kidole raba moja nyembamba ya rangi ya machungwa, zile zenye bamba gumu ndani ya soli, ambazo wanavaa wanaoshinda siku hizi. Angeweza kuniuzia kwa laki mbili nikatoa. Akaitundika tena. "Hii ya watoto wenye haraka, baba. Wewe inakutupa mbele wakati goti halijajiandaa." Nimefundisha hesabu miaka 34, na muuzaji anayekataa fedha ni jambo ambalo sijui niliandike upande gani wa mlinganyo.

Akaniletea ASICS Gel-Nimbus, namba 44. Mimi navaa 43, lakini mguu wa saa nne si mguu wa dukani: unavimba, vidole vinasogea mbele, na kuteremka kutoka Mweka ndiko kunakomaliza kucha. Kwa msioijua njia ya Moshi: unatoka Uwanja wa Ushirika, nusu ya kwanza unakwenda na barabara kuu na kurudi, ukidhani umeiweza, kisha wanakugeuzia mlimani. Kupanda Mweka unatembea, hakuna aibu. Kushuka ndiko mapaja yanakolia, na kila hatua unayagongesha madole kwenye ncha ya kiatu. Upana wa dole gumba moja mbele ya kidole kirefu, chini ya hapo usinunue.

Kijana aliniacha nikimbie nazo kwenye uchochoro wa soko, kwenda na kurudi, nikikwepa mama wa uji na mikokoteni. Huku nyuma akanifundisha kukagua, na hili peke yake lina thamani ya nauli. Soli ya chini haikuambii ukweli wote. Kuna mtu alivaa kiatu kwenye zulia miaka mitano, soli ina meno yote, sponji imekufa. Binya sponji ya ubavuni kwa dole gumba: ikibonyea na kurudi, ina uhai, ikiwa na mikunjo mingi midogo kama ngozi ya mzee (alinitazama, akasema samahani), weka chini. Panga jozi juu ya meza, uitazame kutoka nyuma. Kisigino kikilala upande, mwenye kiatu wa kwanza alilala upande huo huo na wewe utalala naye. Kunja kiatu: kinatakiwa kuvunjikia kwenye vidole, si katikati. Mwisho, fungua ulimi usome lebo, kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka kilipotengenezwa. Kikipita miaka sita saba, hata kama hakijavaliwa, gundi na sponji vimezeeka ndani ya boksi.

Kumbukeni somo hilo la mwisho, maana mimi mwanafunzi mwenyewe nililisahau.

Kuhusu zile Nimbus sina malalamiko. Kwa mtu mzito anayekanyaga kwa kisigino, ni godoro. Goti la kulia liliacha kunong'ona kwenye kilomita ya 18 kama lilivyozoea. Zina uzito, sikatai, na zikilowa jasho zinakuwa nzito zaidi, kwenye kilomita ya 25 unahisi umebeba mtoto kila mguu. Hukauka polepole: nazijaza magazeti na kuziweka kivulini siku mbili, kamwe juani, jua linaua gundi. Sasa kisigino cha kulia kimeanza kulika mpaka sponji inaonekana, na nazipa kilomita 80 nyingine. Piga hesabu: 75,000 kwa 640 ni shilingi 117 kwa kilomita. Zile za duka la kiyoyozi nilizivaa kilomita 58. Hesabu hiyo siifanyi, nina presha.

Sasa ubaya. Julai nilirudi kuchukua jozi ya pili, nipate kubadilishana. Siku hiyo belo, yaani furushi la mtumba, lilikuwa limefunguliwa, watu wanagombania, na kijana alikuwa na mikono sita. Nikaona jozi nyeupe pee, soli haina hata vumbi. "Hii mpya, mzee, haijakanyaga." 55,000. Lebo ya ndani ya ulimi ilikuwa imekatwa. Niliona imekatwa! Nikajiambia labda ilimkera mwenye nayo.

Jumapili ya tatu, kilomita ya 13, niko katikati ya Daraja la Tanzanite, nikasikia kofi. Nikadhani kuna mtu nyuma. Kofi tena. Soli ya mguu wa kushoto ilikuwa imeachia kuanzia kisigino na inapiga lami kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Hatua mia mbili, na ya kulia ikaachia. Watu wa umri wangu tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, aliyeimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti limefungwa bandeji, wengine wameshamaliza zamani. Nilimfikiria. Kisha nikatembea mpaka Coco Beach, nikanywa dafu, nikapanda bajaji.

Kijana hakukataa kosa, hilo nampa. "Soli haikuisha, mzee. Gundi ndiyo ilikufa." Lakini fedha taslimu hakurudisha, alinipa 25,000 ya kukata kwenye jozi ijayo, nyingine akasema ni bahati ya mtumba. Mimi nasema si bahati. Neno "haijakanyaga" alilitamka yeye, na lebo iliyokatwa aliiona yeye kabla yangu. Fundi viatu wa mtaani alizishona kwa uzi kuzunguka soli yote kwa 5,000, na sasa naendea nazo sokoni. Mke wangu anasema hizo ndizo raba zinazonifaa zaidi kwa sababu haziwezi kwenda mbali.

Mambo mengine kwa haraka. Hakuna risiti. Nendeni na chenji. Mvua ikinyesha msiende, matope yanafika kifundoni. Jumapili usifike saa tano ukitegemea kitu kizuri. Wajanja wanapita siku ya belo mapema asubuhi, na baada ya hapo yanabaki masalia. Akina mama wa kundi letu wanalalamika kuwa namba 38 na 39 huisha kabla hata hazijatundikwa, na yule kijana hajifunzi kuwawekea. Halafu bei. Tangu Alphonce Simbu achukue ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, hapo kibandani kila raba imekuwa "ya Simbu". Nilimsikia kijana akimwambia mteja hivyo huku ameshika raba ya mpira wa kikapu. Imepanda elfu kumi kwa jina hilo tu.

Nitarudi, hata hivyo. Mbio za Moshi ni mwakani na Nimbus hazitafika. Juzi kijana alinipigia simu: belo linafunguliwa Jumamosi, na ameshaniwekea pembeni jozi moja, namba 44, kisigino kimesimama wima. Nikamuuliza lebo ipo? Akasema ipo. Imeandikwaje? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, hii ni ya Simbu."

Nitafika saa 12:30 asubuhi na ile 25,000 yangu mdomoni. Sponji nitaibinya kwanza.