Mapambo ya marumaru na mawe ya kuchonga: tathmini ya duka moja la Unguja

Duka ninaloliandikia lipo kwenye mojawapo ya barabara zinazotoka mjini kuelekea shamba, na biashara yake ni mapambo ya nyumba yaliyochongwa kwa marumaru na kwa mawe mengine: mitungi, mabakuli, vyetezo, vimeza vya kahawa, nguzo fupi za kuwekea maua, mipira ya mawe na, upande wa uwani, sanamu za watu na wanyama ambazo wanunuzi wake wakubwa ni mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje. Nimenunua humo vitu kadhaa kwa ajili ya nyumba ya ghorofa mbili iliyopo Kiponda, iliyojengwa kwa mawe na chokaa kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na vimeshapita kiangazi na masika vikiwa ndani. Jina la duka silitaji, kwa sababu mengi yatakayosemwa yatamfaa mtu anayekusudia kuingia duka lolote la aina hii.

Kilicho kizuri kuliko vyote ni mawe yenyewe. Mzigo umepangwa kwa aina ya jiwe, si kwa rangi wala kwa bei. Ipo marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu kutoka Carrara, Italia, na ipo ya Makrana katika jimbo la Rajasthan, India, kulikotoka marumaru iliyojengea Taj Mahal. Lipo jiwe la Kisii kutoka Tabaka, Kenya, ambalo ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na ambalo mafundi wake hulisugua kwa msasa ndani ya maji kabla ya kulipaka nta. Yapo mawe magumu ya Zimbabwe, ambayo hupashwa moto kwanza ndipo yakapakwa nta, nayo hutoka na weusi unaong'aa usiopatikana kwa rangi ya kopo. Ipo pia oniksi ya Pakistani, yenye matabaka ya kijani na ya rangi ya asali. Hiyo ukiiweka mbele ya taa, mwanga hupenya na jiwe lote huwaka.

Kasoro ni kwamba muuzaji huyaita yote marumaru. Jiwe la Kisii kwake ni marumaru, oniksi ni marumaru, na hata vitu vya kumimina, yaani unga wa mawe uliochanganywa na gundi ukaingizwa kwenye kalibu, navyo ni marumaru, tena kwa bei inayokaribia ya marumaru. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujua kupima mwenyewe. Ukucha huweza kuacha alama kwenye jiwe la Kisii ambalo halijakolea nta, lakini hauifanyi lolote marumaru. Kisu huikwaruza marumaru, lakini hakiiwezi granaiti. Marumaru kwa asili ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhini, na ndiyo sababu tone la ndimu likidondoshwa kwenye kitako chake hutoa povu jembamba, wakati jiwe la Kisii hukaa kimya. Oniksi hiyo ya Pakistani nayo hutoa povu, basi hapo macho yatumike. Kitu cha kumimina hutambulika kwa wepesi wake, kwa kutokuwa na ubaridi mkononi, na mara nyingi kwa mstari mwembamba ubavuni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Nilipoomba ruhusa ya kudondosha ndimu kwenye kitako cha bakuli, kijana wa dukani alicheka, kisha akaenda kuniletea ndimu mwenyewe. Hilo namhesabia wema.

Jambo la pili la kuwa nalo macho ni kitambaa chenye maji. Kila jiwe likishushwa rafuni, kwanza hufutwa kwa kitambaa kilicholowa, na jiwe lililolowa huonekana limekoza rangi na mishipa yake inajitokeza wazi. Likikauka ndipo linaporudi katika rangi litakayokuwa nayo nyumbani siku zote, na tofauti hiyo kwenye jiwe la kijivu si ndogo. Ni vyema kuzungukazunguka dukani mpaka likauke. Wakati huohuo jiwe ligongwe kwa kifundo cha kidole: lililo zima hulia kwa sauti kali inayodumu kidogo, na lenye ufa hutoa mlio mfu. Mtungi mmoja wa marumaru ulioletwa nyumbani haukuwa ule niliougonga dukani bali pacha wake kutoka stoo, na ulipowekwa karibu na dirisha, mwanga ukauangukia kwa ubavu, ukaonekana ufa uliojazwa gundi kutoka shingoni hadi tumboni. Duka liliubadilisha, lakini baada ya mabishano marefu yaliyojengwa juu ya hoja kwamba ufa ni sehemu ya jiwe la asili. Mshipa ndio sehemu ya jiwe la asili. Ufa ni ufa, na risiti isiyotaja aina ya jiwe wala hali yake haimsaidii mnunuzi akirudi kulalamika.

Ushauri wa dukani kuhusu upambaji ndio uliokuwa dhaifu kuliko yote. Muuzaji husukuma vitu vikubwa, na hoja yake ni kwamba sebule bila nguzo mbili za marumaru mlangoni haijatimia. Huenda hoja hiyo ikakubalika katika nyumba mpya za matofali ya saruji zenye sakafu ya chini iliyomiminwa zege, lakini katika nyumba ya Mji Mkongwe ni hatari. Mita moja ya ujazo ya marumaru ina uzito wa takribani tani 2.7, kwa hesabu hiyo, nguzo yenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 80 hufikia kilo 150, na mpira wa kipenyo hichohicho hukaribia kilo 38. Ghorofa za nyumba zetu hubebwa na boriti za mikoko, zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba na virefu. Boriti iliyokwisha kuonja maji ya paa bovu haitoi taarifa kabla ya kukatika. Fundi wa nyumba aliyekuja kuangalia alisema neno moja tu, "Mama, hii ikae chini, juu isipande," na nguzo ikabaki ukumbini, kwenye sakafu iliyolala juu ya ardhi.

Fundi huyohuyo alikataa pia kupigilia bolti ukutani kwa ajili ya ubao wa marumaru. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, lakini ndani ni kokoto na udongo wa chokaa, na bolti iliyokazwa humo hulegea. Tena kuta hizo hunyonya unyevu kutoka chini na kutoa chumvi usoni, hasa pale zilipopigwa plasta ya saruji, na jiwe lililoegeshwa moja kwa moja kwenye ukuta wa namna hiyo hupata madoa ya manjano upande wa nyuma. Kwa hiyo kitu kiachwe nafasi ya vidole viwili hivi kutoka ukutani. Nondo za ndani zinazounganisha vipande vya nguzo ziulizwe ni za chuma gani, kwani hapa kisiwani chuma cha kawaida hushika kutu upesi, na kutu ikishapenya ndani ya marumaru nyeupe haifutiki.

Mahali pa mapambo madogo ya mawe wajenzi wa zamani walishatuachia, napo ni vidaka. Vishimo hivyo vya ukutani, vilivyopambwa kwa plasta ya chokaa na zamani kupangwa sahani na mabakuli ya China, vinapokea bakuli la jiwe bila kuhitaji stendi, taa maalumu wala msumari. Hapa ndipo nilipoona kwamba marumaru nyeupe, ghali kuliko yote, si chaguo bora kwa nyumba iliyopakwa chokaa. Mbele ya ukuta mweupe hupotea; mtu huingia na kutoka asiione. Bakuli la kijivu la jiwe la Kisii, lililouzwa kwa chini ya theluthi moja ya bei ya bakuli la Carrara la ukubwa uleule, lilikaa katika kidaka cha kati na kuvuta macho ya kila mgeni. Marumaru nyeupe ilipata heshima yake iliposogezwa kwenye kimeza cha mti mweusi, karibu na dirisha la mashariki, ambapo jua la asubuhi huipiga kwa ubavu na mishipa yake huonekana.

Kuhusu sanamu za uwani, lazima isemwe wazi kwamba familia nyingi za hapa hazitaziingiza ndani. Hadithi ya Mtume kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye picha au mbwa inajulikana kwa kila aliyepita chuo cha Kurani, na muuzaji anayemsifia mama wa Kizanzibari kichwa cha simba kwa ajili ya sebule hajui mteja wake ni nani. Mimi nina sababu nyingine pia. Umbo la mtu katika jiwe hudai liangaliwe kila siku, na chumba cha kupumzikia hakihitaji mtu wa ziada. Pale Mkunazini, mbele ya kanisa kuu la Anglikana, kuna watu watano wa zege waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na hakuna anayepita akasahau. Lakini kazi ile ina jambo la kusema na ina mahali pake pa kulisemea. Yule mwanamke wa jiwe jeusi aliyebeba mtungi, ambaye duka linaye katika saizi nne, hana la kusema zaidi ya kwamba mwenye nyumba alikuwa na fedha.

Kinachosikitisha ni kwamba duka limejaza sanamu ilhali kazi ya maandishi na maua, ambayo ndiyo iliyozoeleka pwani hii, imepewa kona moja tu. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mchongaji aliyefanya kazi ile hakuhitaji sura ya kiumbe yeyote ili jiwe lipendeze. Katika kona hiyo moja nilipata kibao kidogo cha marumaru chenye waridi la petali sita, kimechongwa kina cha nusu kidole, kingo zake zikiwa kali bado, na mashimo madogo ya patasi yanaonekana chini ya petali pale msasa ulipokosa kufika. Ndicho kitu bora nilichonunua humo, na muuzaji alikuwa akikitumia kuzuia mlango usijifunge.

Matunzo hayakuelezwa kabisa, na hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu desturi zetu za usafi zinaiua marumaru. Sinia ya shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu ikang'aa, na binti wa kazi aliyefunzwa hivyo atafanya vivyo hivyo kwenye kimeza cha marumaru. Ndimu, siki na ukwaju hula mng'aro na kuacha doa butu lisilotoka kwa kufuta, ila kwa kusuguliwa upya na fundi. Bakuli la urojo, mchuzi wetu mchachu, lisiwekwe juu yake bila kitambaa. Hina na bizari hupenya. Mafuta ya nazi yakimwagika, yanyunyiziwe poda ya mtoto na kuachwa usiku kucha ili iyanyonye, kisha yafutwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, na kwa siku za kawaida sabuni hiyo inatosha. Kwa udi nashauri chetezo cha jiwe la Kisii, kwani jiwe hilo huvumilia makaa na hukaa na moto muda mrefu. Chetezo cha marumaru nyeupe kilishika masizi mdomoni mapema, na sasa ninawekea asumini.

Usafirishaji ni mzuri mpaka mwisho wa barabara ya gari. Duka hutoa kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, hadi Darajani, na kutoka hapo mteja hujitafutia rikwama na mahamali wa kupita naye vichochoroni, gharama ambayo haitajwi wakati wa kukubaliana bei na ambayo kwa kitu kizito haidharauliki. Wateja wa Pemba wadai sanduku la mbao, si boksi la karatasi lililojazwa magazeti, kwa kuwa mzigo hupakiwa bandarini Malindi, hapa Unguja mjini, na kupakuliwa Mkoani au Wete kwa mikono ya watu ambao hawakuambiwa ndani mna nini. Sanduku hutengenezwa palepale na seremala jirani wa duka, na ni heri malipo yake yaingizwe kwenye risiti moja na bei ya jiwe, pamoja na aina ya jiwe hilo kwa jina lake halisi.