"Zidisha mara mbili, mzee": mita yetu ya leza ilivyokwenda Dar na kurudi

Nilisema nikae siku mbili tatu hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba kwenye kliniki ya macho hapa Mwanza. Tuna leza ya YAG, ile ya kutoboa utando unaoota nyuma ya lenzi ya bandia kwa mtu aliyekwisha kutolewa mtoto wa jicho. Mpigo mmoja una nishati ya milijuli moja, mbili hivi, unakwisha ndani ya nanosekunde chache. Ukizidi unaweza kuitia lenzi mashimo. Ndiyo maana tuna mita ya pembeni ya kuihakiki mashine, na mita nayo huenda kalibresheni kila mwaka, yaani kuhakikiwa kama inasoma sawa. Safari hii niliipeleka stendi ya Nyegezi, ikapanda basi kwenda Dar, kwa kampuni ambayo siitaji.

Imerudi baada ya wiki tatu, labda nne. Stika inang'aa, cheti kina muhuri. Ila kichwa cha mita, pale mpigo unapotua, kimo ndani ya gozi ileile niliyoifunga mimi, na fundo ni langu, nalijua. Kwenye uso wake mweusi kuna kidoa cheupe kama kichwa cha pini. Tulikiunguza wenyewe siku mwanafunzi alipoweka mita palepale mwanga unapokutana, badala ya mbele zaidi ambako unatanuka. Sikukificha, nilikiandika kwenye fomu. Cheti kinasema: hali ya kifaa, nzuri.

Haya, nikameza. Nikashuka hadi urefu wa wimbi: nanomita 532. Jamani! Hiyo ni leza ya kijani. Yetu ni 1064, jicho haliioni kabisa. Ule wekundu tunaouona ni wa kulengea tu. Na ule weusi wa kichwa haunywi mawimbi yote sawasawa, lazima upimwe kwa wimbi unalolitumia.

Nikapiga simu. Kijana akapokea, shikamoo hakuna. Nikaeleza taratibu. Kimya; nasikia anatafuna. Kisha: "Sasa mzee, 532 si ni nusu ya 1064? Zidisha mara mbili."

Nilidhani ananitania. Nikamwuliza kama kuna mkubwa wake hapo. "Tuna wateja wengi, mzee." Akakata.

Zidisha mara mbili! Yaani nikisoma 1.2 niandike 2.4, halafu nimkalishe pale bibi wa watu aliyevuka maji kutoka Ukerewe. Siku hiyo walikuwa wanne kwenye benchi. Niliwarudisha wote, na mmoja alishakopa nauli.

Nilitaka kutoa nyota moja nifunge. Lakini haki ya mtu siili. Kesho yake alinipigia mama mmoja, fundi wao, sauti ya mtu anayeijua kazi. "Kaka, tumekukosea. Irudishe." Wakaipima upya kwa 1064, bila kunidai, na kile kidoa safari hii kimo kwenye cheti. Tena akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: meza yangu imekaa karibu na nini? Pampu ya maji, nikamwambia, nyuma ya ukuta. Akacheka. Kumbe fuwele ya ndani inayohisi joto la mpigo inahisi na mtikisiko. Niligonga meza kwa kifundo cha kidole, leza imezimwa, na namba ikaruka. Miezi yote hiyo namba zinayumba, nalaumu mashine!

Basi nyota nne. Mama yule peke yake, tano, na wabeja sana. Lakini mzigo umepanda basi mara mbili zaidi kwa kosa lao, mfukoni mwangu, nikasema niulizie nauli irudishwe. Wakaniunganisha na mhusika.

Kijana yuleyule. Bado anatafuna. Nyota mbili.