Uzoefu Wangu na Renault 4 ya Mwaka 1965

Nimeishi na Renault 4 ya mwaka 1965 kwa miaka sita sasa hapa Lyon, nikiitumia kwenda sokoni, kuwapeleka watoto shuleni na kutembelea ndugu, na bado sijaona gari dogo la familia lililofikiriwa vizuri kuliko hili. Pierre Dreyfus, aliyeiongoza kampuni ya Renault wakati huo, alitaka gari moja litakalomfaa mkulima na mtu wa mjini vilevile, na lilipoingia sokoni mwaka 1961 lilikuwa na mlango mpana wa nyuma unaofunguka kwenda juu na sakafu bapa iliyo chini kiasi kwamba gunia la viazi husukumwa tu likaingia.

Kilichonichukua muda kukizoea ni giya. Mkono wake hautoki sakafuni bali ni fimbo iliyopinda inayochomoza kwenye dashibodi, nawe huisukuma, huivuta na kuizungusha kidogo ukitafuta mojawapo ya giya tatu. Sababu yake ni kwamba sanduku la giya limekaa mbele ya injini, hivyo fimbo hupita juu ya injini, na miguu ya abiria wa mbele hubaki na nafasi yote. Jambo jingine ninalolipenda mno ni kwamba umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma upande wa kulia unazidi ule wa kushoto kwa karibu sentimita 5, kwa kuwa fito za chuma zinazofanya kazi ya springi za nyuma zimelazwa moja nyuma ya nyingine. Gari hulala sana kwenye kona, lakini katika njia mbovu za mashamba ya mizabibu ya Beaujolais hupita kwa ulaini unaonishangaza hadi leo.

Injini yangu ni ya cc 845, na kwenye barabara kuu sipendi kuzidi kilomita 90 kwa saa. Kelele ni nyingi.

Adui wa kweli ni kutu. Gereji ya kwanza niliyoiamini ilifunika sakafu iliyooza kwa vipande vya bati na kupaka rangi juu yake, nami nikalipa mara mbili pale fundi mwingine alipochomeka bisibisi ikazama yote. Anayetaka kununua na ainame chini ya gari, akague hasa pale magurudumu ya nyuma yanaposhikiliwa. Vipuri havisumbui, maana zilitengenezwa zaidi ya milioni 8.

Mwezi uliopita nilichomoa kiti cha nyuma, nikapakia mashine ya kufulia ya dada yangu ikiwa imesimama wima, na mlango ukafungika.